Kilichookwa Mara Mbili: Neno "Biscoito" kutoka Matanuri ya Meli hadi Jiko la Nyumbani nchini Ureno

1.0 Utangulizi

Miongoni mwa biskuti za siagi zinazookwa majumbani nchini Ureno, mbili zinafahamika sana. Ya kwanza ni "areias" za Cascais, yaani mchanga, ambazo ni vidonge vidogo vinavyovunjika mdomoni na kugaragazwa katika sukari. Ya pili ni "raivas" za Aveiro, yaani ghadhabu, ambazo ni kamba nyembamba za unga wa siagi na mdalasini zilizosokotwa ovyo. Zote huingia katika jina la jumla "biscoito". Neno hilo linatokana na Kilatini na maana yake ya msingi ni kilichookwa mara mbili. Hata hivyo, biskuti ya siagi ya nyumbani huokwa mara moja tu, tena kwa muda mfupi.

Makala hii inajadili tofauti hiyo kati ya jina na kitu. Hoja yake ni kwamba etimolojia ya neno la chakula hueleza asili ya jina, lakini haitoshi kueleza historia ya chakula chenyewe. Historia hiyo haina budi kutafutwa pia katika viambato, vyombo na mikono ya waokaji. Hoja hii inaihusu leksikografia ya Kiswahili, ambayo nayo ina neno "biskuti".

2.0 Mkate wa safari

Biscoito ya kwanza haikuwa kitafunio. Ilikuwa mkate mkavu wa mabaharia, uliotengenezwa kwa unga na maji, ukaokwa na kukaushwa hadi unyevu wote utoke. Haukutiwa mafuta, kwa kuwa mafuta huchacha, na safari ya meli kutoka Lisbon hadi Goa ilichukua takriban miezi 6. Ufalme wa Ureno ulikuwa na matanuri yake ya kuoka mkate huo huko Vale de Zebro, ng'ambo ya mto Tejo. Mahali hapo palikuwa karibu na misitu ya kuni, vinu vya kusagia nafaka na bandari. Biscoito, kwa hiyo, ilikuwa kazi ya dola: iliokwa kwa wingi, ikapimwa na kugawiwa kama posho.

Sifa tatu ziliutambulisha mkate huo: ugumu, ukavu na kudumu. Biskuti ya siagi inakwenda kinyume na sifa ya kwanza, kwa maana ubora wake ni kumumunyuka. Kilichobaki kutoka melini ni jina, pamoja na ule ukavu unaoiwezesha kukaa koponi kwa siku kadhaa.

3.0 Siagi yaingia jikoni

Mabadiliko hayo hayakutokea kwa siku moja. Sukari iliongezeka nchini Ureno tangu karne ya 15, mashamba ya miwa yalipostawi katika kisiwa cha Madeira. Mwaka 1680 Domingos Rodrigues, mpishi wa jumba la kifalme, alichapisha mjini Lisbon "Arte de Cozinha", kitabu cha kwanza cha mapishi kuchapishwa kwa Kireno. Wakati huohuo, watawa wa kike waliendeleza vitamu vya sukari na viini vya mayai. Amri ya mwaka 1834 ilipovunja mashirika ya kitawa, nyumba za watawa wa kike ziliachwa zife polepole, na mapishi yao mengi yakaendelea kuishi majumbani na katika maduka ya vitamu.

Siagi ilikuwa na historia yake. Sehemu kubwa ya Ureno ilipikia mafuta ya zeituni na mafuta ya nguruwe, na Lisbon iliagiza siagi ya chumvi kutoka nje, ikiwemo ya Ireland. Katika mapishi ya zamani hukutwa maneno "manteiga de vaca", yaani siagi ya ng'ombe. Kielezi hicho ni ushahidi wa kiisimu: msomaji alihitaji kuambiwa ni mafuta ya mnyama gani. Baadaye ufugaji wa visiwa vya Azores uliifanya siagi kuwa bidhaa ya kawaida, na neno "manteiga" likajitosheleza.

4.0 Ufundi wa nyumbani

Uokaji wenyewe ni mwepesi kuueleza, ingawa si mwepesi kuumudu. Kwa kawaida sukari huwa kidogo kuliko siagi, na siagi kidogo kuliko unga. Siagi huchanganywa na sukari, kisha unga hutiwa na kukusanywa kwa ncha za vidole bila kukandwa sana. Sababu yake ni kwamba mafuta hufunika chembe za unga na kuzuia maji yasiziunganishe. Mwokaji anayekanda kama anayepika mkate huharibu kazi, kwani donge hupata mvuto na biskuti hutoka ngumu. Vidonge huokwa kwa moto wa wastani na kutolewa vikiwa bado laini, kwa sababu hukauka na kushikana vinapopoa.

Maarifa haya yalihifadhiwa zaidi na wanawake, kwa midomo na katika madaftari ya nyumbani, ambamo kipimo huweza kuwa kikombe au "unga kadiri utakavyohitajika". Maria de Lourdes Modesto, aliyeanza kufundisha upishi katika televisheni ya Ureno mwaka 1958, alikusanya mapishi ya mikoa na kuyachapisha mwaka 1982 katika "Cozinha Tradicional Portuguesa". Kazi hiyo ilihifadhi mengi, lakini kwa umbo la gramu na dakika. Kipimo cha vidole, yaani kujua donge limefikia lini, hakiandikiki kwa urahisi, na mwenye daftari asipokuwa na mrithi hupotea naye.

5.0 Neno lisilotia nanga pwani

Wareno walifika Malindi mwaka 1498, wakaanza kujenga Ngome ya Yesu huko Mombasa mwaka 1593 na kupokonywa mwaka 1698. Kiswahili kilipokea kwao maneno kama meza, leso, bendera, gereza na mvinyo. Hakikupokea "biscoito". Neno "biskuti" kwa umbo lake linaelekea Kiingereza, ama moja kwa moja ama kupitia lugha za Bara Hindi zenye "biskut".

Maelezo yanayoelekea kukubalika ni mawili. Kwanza, pwani ilikuwa na neno "mkate", ambalo lingetosha kuutaja mkate mkavu wa wageni. Pili, biscoito ya karne hizo ilikuwa posho ya baharia na askari, si chakula cha kumkirimu mgeni. Nchini Japani, kinyume chake, "bolo" ya Kireno ilikuwa kitamu, na jina lake limebaki katika "marubōro", kitafunio cha Saga.

Njia nyingine ilipitia Goa. Wagoa waliohamia Zanzibar na Mombasa walikuja na "bolinhas", biskuti za nazi na semolina zinazookwa wakati wa Krismasi. Jina ni la Kireno, ilhali nazi ni ya Goa. Lakini neno hilo nalo lilibaki ndani ya nyumba za jamii hiyo.

6.0 Hitimisho

Historia ya biscoito inaonyesha kwamba jina laweza kudumu baada ya kitu chake kugeuka, na kwamba kitu chaweza kuvuka bahari bila jina lake kushika. Funzo kwa watunga kamusi wa Kiswahili liko karibu. Kileja cha Zanzibar, chenye unga wa mchele, samli na hiliki, hakielezeki kwa fasili isemayo tu "aina ya biskuti". Fasili hiyo humweka kileja chini ya neno lililofika baadaye, na kuyaacha nje yale yanayokitofautisha. Kitomeo cha chakula kinapaswa kutaja kiambato, namna ya kuoka na wakati wa kuliwa, na mtoa taarifa wa kwanza awe mwokaji mwenyewe angali hai.