Gakaara wa Wanjau, mfungwa aliyetungishwa michezo kambini

Kila Oktoba 20, Siku ya Mashujaa, wanasiasa wa Mlima Kenya hupanda jukwaani, wakamtaja Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa Mau Mau, wakashuka. Gakaara wa Wanjau hatajwi, ilhali alikamatwa tarehe iyo hiyo mwaka 1952, katika msako uliomnasa Jomo Kenyatta.

Kosa lake lilikuwa kalamu. Huyu mwana wa mchungaji wa Kipresbiteri, aliyelelewa na misheni ya Tumutumu karibu na Karatina, alikuwa amechapa vijitabu vya kudai ardhi, kisha akatunga imani ya Gikuyu na Mumbi, wazazi wa kwanza wa Wakikuyu, kwa kufuata ile inayokaririwa kanisani. Wazungu hawakucheka. Alizungushwa kambini miaka kadhaa, hadi Takwa, kisiwani Manda. Shajara aliyoiandika kwa siri huko ilitoka kwa Kikuyu mwaka 1983, Mwandiki wa Mau Mau Ithamirio-ini, na ndiyo inayoongoza makala haya.

Serikali ya kikoloni ilishikilia kwamba Mau Mau, uasi wa kudai ardhi na uhuru, ni maradhi. Mwaka 1954 daktari wa akili J.C. Carothers aliiandikia ripoti iliyochimbua nafsi ya Mkikuyu kuliko ilivyochimbua suala la shamba lake. Basi dawa ikatafutwa. Mahabusu waligawanywa: weusi, wa kijivu na weupe. Ukikiri kiapo cha Mau Mau, unapanda daraja kuelekea nyumbani. Ukinyamaza, wewe bado mgonjwa, na tiba ni jembe na kiboko. Kambi ya Athi River iliongeza mahubiri. Hapo Gakaara, aliyefungwa kwa sababu ya kuandika, aliandika michezo ya kuigiza ya kuwarekebisha wenzake. Waliomnyang'anya kalamu ndio waliomrudishia, mradi atunge toba.

Kichekesho hicho kilikuwa na makaburi. Machi 3, 1959, katika kambi ya Hola, mahabusu 11 walipigwa hadi kufa kwa kukataa kazi ya kulazimishwa. Taarifa ya kwanza ya serikali ilisema walikufa baada ya kunywa maji.

Urusi nayo ilikuwa na mfungwa mwandishi kama Gakaara: riwaya fupi ya Solzhenitsyn kuhusu siku moja ya mfungwa ilitoka mwishoni mwa 1962. Mwaka uliofuata mahabusu mwingine wa Kenya, J.M. Kariuki, akatoa kumbukumbu zake za kizuizini. Solzhenitsyn anajulikana dunia nzima, J.M. tunamkumbuka zaidi kwa mauaji yake ya 1975.

Gakaara alishinda Tuzo ya Noma ya vitabu vya Afrika mwaka 1984, pamoja na Njabulo Ndebele wa Afrika Kusini. Miaka miwili baadaye polisi wa Kenya huru walimkamata katika msako wa Mwakenya, kundi la siri la upinzani. Alifariki mwaka 2001. Hakuiona Uingereza ikikubali, mwaka 2013, kuwalipa fidia wahanga 5,228 wa mateso ya enzi ya Mau Mau.

Mgeni akifika Nyeri huonyeshwa kaburi la Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, limetunzwa vizuri, na hapana ubaya. Lakini kaunti inayopenda kuzindua majengo ingeweza kuipa hata maktaba moja ya Karatina jina la Gakaara, mchapishaji wake.