Nyumba Ikiungua, Hasara ni ya Nani?

Septemba 1666, moto uliozuka katika tanuri la mwoka mikate Thomas Farriner, mtaa wa Pudding Lane, uliteketeza nyumba zaidi ya 13,000 jijini London. Majivu yalipopoa, ugomvi ulihamia kwenye mikataba ya pango. Wapangaji wengi walikuwa wameahidi kwa maandishi kuitunza nyumba na kuirudisha ikiwa nzima, na sheria ya Kiingereza haikuwa na huruma kwa aliyeahidi. Katika kesi maarufu ya Paradine na Jane ya mwaka 1647, mahakama ilimtaka mpangaji alipe kodi ya ardhi ambako jeshi lilikuwa limemfukuza. Kwa mantiki hiyohiyo, mtu aliyebakiwa na kiwanja cha majivu alitakiwa ajenge upya, na kodi iendelee kuhesabiwa.

Bunge liliona kwamba kwa mwendo huo jiji lisingesimama tena. Likaunda mahakama maalumu ya moto, iliyoanza kusikiliza mashauri mwaka 1667. Majaji wake, akiwemo Matthew Hale, walimweka mwenye nyumba na mpangaji mbele yao, wakauliza nani ana uwezo wa kujenga, kisha wakapunguza kodi hapa, wakaongeza miaka ya pango pale. Bima ya moto ilikuja baadaye, Nicholas Barbon alipoanza kuiuza mwanzoni mwa miaka ya 1680. Mfuatano huo una maana kubwa. Watu waliamua kwanza hasara ni ya nani, ndipo wakatafuta wa kuwasaidia kuibeba.

Mikataba mingi ya pango la biashara Dar es Salaam, Mombasa au Nairobi hufanya kinyume. Kifungu cha bima kipo ukurasa wa tatu au wa nne, na husomeka hivi: mpangaji, kwa gharama yake, atakata bima ya moto na ya dhima kwa watu wengine, atamkabidhi mwenye nyumba nakala ya hati kila mwaka, na atachangia ada ya bima ya jengo kulingana na ukubwa wa eneo lake. Mpangaji anapiga hesabu ya ada, ananung'unika kidogo, anatia saini. Kifungu kimesema nani alipe ada. Hakikusema hasara ni ya nani.

Hebu tuchukue duka la vitenge ghorofa ya chini. Moto unaanzia kwenye soketi ya dukani humo na kupanda juu. Kampuni ya bima inamlipa mwenye jengo. Kwa sheria ya Kiingereza, tuliyoirithi Kenya na Tanzania, kampuni iliyolipa fidia inaingia kwenye viatu vya mteja wake na inaweza kumdai aliyesababisha hasara. Kwa hiyo mwenye duka, ambaye miaka yote amekuwa akichangia ada ya bima ya jengo hilo, anaweza kupokea barua ya wakili kutoka kampuni ileile aliyokuwa akiichangia. Jina lake halimo kwenye hati, kwa hiyo kwa kampuni yeye ni mtu wa nje.

Waingereza waliliona shimo hili wakalifukia. Katikati ya miaka ya 1980, Mahakama yao ya Rufani, katika kesi ya Mark Rowlands na Berni Inns, ilikuta mkataba ambao mpangaji alichangia ada na mwenye jengo aliahidi kuzitumia fedha za bima kujenga upya. Moto ulitokana na uzembe wa mpangaji. Mahakama ikasema hata hivyo hadaiwi, kwa kuwa pande zote mbili zilikusudia fidia ya bima ndiyo imalize hasara. Marekani, tangu uamuzi wa Oklahoma wa mwaka 1975 katika shauri la Sutton na Jondahl, mahakama kadhaa zimemhesabu mpangaji kama mshirika katika bima ya mwenye nyumba. Wafanyabiashara wa huko hawakutaka kutegemea huruma ya jaji, wakaiandika wenyewe kwenye mikataba: kampuni ya bima iachie haki ya kumfuata mpangaji, na mwenye jengo atajwe kwenye bima ya dhima ya mpangaji. Nakala ya fomu yao ya uthibitisho wa bima hutamka wazi kwamba imetolewa kwa taarifa tu na haimpi haki yoyote anayeishika. Hapa kwetu watu huitunza nakala kama hiyo kwenye faili wakidhani wana bima.

Wafaransa walishika njia nyingine kabisa. Kanuni yao ya kiraia ya mwaka 1804, kifungu cha 1733, humbebesha mpangaji dhima ya moto mpaka yeye mwenyewe athibitishe kwamba ulitokana na ajali isiyozuilika, au ubovu wa ujenzi, au ulitoka nyumba ya jirani. Uzito wote uko kwenye uthibitisho. Moto ambao chanzo chake hakikujulikana ni wa mpangaji. Kwa sheria ya Kiingereza, anayedai uzembe ndiye anayetakiwa kuuthibitisha, na chanzo kisipojulikana mara nyingi dai hufa. Ukali huo wa Kifaransa ndio uliozaa bima ya dhima ya mpangaji, ambayo kwa sheria ya mwaka 1989 ni lazima kwa wapangaji wa nyumba za kuishi. Mwenye nyumba anaweza kuidai moja kwa moja kampuni ya mpangaji wake. Mara nyingi, basi, zinazobishana ni kampuni mbili zenye mawakili na fedha, na muuza duka anaendelea kutafuta mahali pa kufungulia upya.

Fiqhi ya Kiislamu, ambayo watu wengi wa mwambao wanaiishi hata kama hawaitaji kwenye mkataba, inaanzia upande wa pili. Mkono wa mpangaji ni mkono wa amana. Nyumba ikiharibika bila yeye kuvuka mipaka au kuzembea, hasara ni ya mwenye mali, kwa kuwa anayekula mapato ya kitu ndiye anayebeba hatari yake. Na manufaa yakitoweka, kodi nayo inasimama. Moto usiojulikana chanzo, hapa, ni wa mwenye nyumba. Shirika la AAOIFI la Bahrain, linaloweka viwango vya fedha za Kiislamu, limeifuata kanuni hiyo: katika ijara, yaani mkataba wa ukodishaji, bima ya mali ni jukumu la mkodishaji, ingawa anaruhusiwa kuizingatia anapopanga kodi. Bima yenyewe iwe ya takafuli, yaani ya kushirikiana, kwa sababu Baraza la Fiqhi la Kiislamu, lilipokutana Jeddah mwaka 1985, liliikataa bima ya kibiashara ya ada maalumu kwa ajili ya gharari, yaani kutokuwa na uhakika, iliyomo, likaikubali ile ya kushirikiana. Kenya imekuwa na kampuni ya takafuli tangu mwaka 2011.

Kuna atakayesema tofauti ni ya maneno tu, kwa kuwa mwishowe mpangaji ndiye anayelipa kupitia kodi. Sikubaliani naye. Kwa fiqhi, fidia isipotosha, pengo linabaki kwa mwenye mali. Na pengo huwa lipo. Jengo lenye thamani ya shilingi milioni 400 likikatiwa bima ya milioni 200 ili kupunguza ada, halafu likapata hasara ya milioni 100, kampuni hulipa milioni 50, kwa kuwa nusu ya hatari haikukatiwa bima. Kanuni hiyo ipo London na ipo Paris. Swali la nani anabeba milioni 50 zilizobaki ndilo lile la mwaka 1667, na kifungu cha ukurasa wa nne kimelinyamazia.

Kunyamaza huko kunatuumiza zaidi sisi kwa sababu ya aina ya mioto yetu. Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 Soko Kuu la Kariakoo, jengo lililobuniwa na msanifu Beda Amuli, liliungua. Gikomba, Nairobi, imeungua mara nyingi, na moto wa Juni 2018 uliua watu 15. Katika soko lenye mamia ya meza, waya zilizopachikwa na kila mtu kivyake na majiko ya mama ntilie, chanzo hubishaniwa muda mrefu. Kinachofuata kwa kawaida ni mchango, vikundi vya kufa na kuzikana, mkopo wa ndugu. Huo nao ni utamaduni wa kubeba hasara, na ni wa heshima, lakini hauna uwezo wa kujenga soko.

Mwaka 2022, kupitia Sheria ya Fedha, Tanzania iliyaingiza masoko ya umma na majengo ya biashara katika orodha ya vitu ambavyo ni lazima vikatiwe bima. Naiunga mkono hatua hiyo kwa moyo wote. Lakini bima ya lazima kwa jengo bila kumlinda aliyemo ndani itaongeza tu idadi ya watu wanaochangia ada na bado wanaweza kudaiwa. Kwa maoni yangu, mwongozo wa haki zaidi kwetu ni kuanza pale fiqhi inapoanzia, hasara ya jengo iwe ya mwenye jengo pasipo uzembe uliothibitishwa, kisha tuchukue kutoka London na Oklahoma kinga ya mpangaji anayechangia.

Wewe unayekaribia kutia saini mkataba wa fremu mwezi huu, usiridhike na nakala ya stakabadhi. Omba hati yenyewe ya bima ya jengo uone thamani iliyoandikwa. Taka jina lako litajwe, au kampuni iandike kwamba haitakudai. Na taka kifungu kimoja kinachosema kodi inasimama siku duka linapoungua. Mwenye jengo akikataa vyote vitatu, tafuta fremu nyingine.