Nishani Husomwa Ukingoni

Kampala inakijua kitafuta-chuma kupitia mikono ya mlinzi. Tangu mabomu ya Julai 2010, ni nadra kuingia duka kubwa la mjini bila kupitishiwa kifaa hicho kiunoni. Uingereza kuna watu wanaokibeba mashambani siku za mapumziko, wakisaka sarafu na nishani za kijeshi. Kama wangekuja kusaka hapa, vilima vya Kampala na barabara ya Bombo visingewaangusha, maana askari wamepita huku kwa zaidi ya miaka 130.

Desemba 1890 Kapteni Frederick Lugard alipiga kambi kwenye kilima ambacho leo ni Old Kampala. Mwaka uliofuata akaenda hadi karibu na Ziwa Albert kuwachukua askari wa Kisudani walioachwa na gavana Emin Pasha. Hao ndio mababu wa Wanubi wa Bombo, na ndio waliokuwa mhimili wa kikosi cha Uganda Rifles kilichoundwa 1895. Mshahara wao ulikuwa mdogo na ulichelewa, safari hazikuisha. Mwaka 1897 sehemu yao waliasi, wakashika ngome ya Lubwa huko Busoga, kando ya Ziwa Victoria, na kumuua kamanda wao, Meja Thruston. Waliotumwa kuwazima walikuwa Masikh, Waswahili na Waganda, na serikali ya Uingereza ikawatolea nishani: ya fedha kwa askari, ya bronzi kwa wafuasi wa kambi. Utepe wake ni nusu manjano, nusu nyekundu, na kwenye kipande cha chuma kinachokaa juu yake huenda pakawa na neno “Lubwa’s”. Mwenye kuokota kitu hicho ameokota ukurasa mzima wa historia ya Uganda, tena ukurasa unaouma.

Tarehe 1 Januari 1902 vikosi vya Waingereza Afrika Mashariki viliunganishwa kuwa King’s African Rifles, na Uganda ikapata batalioni ya nne. Nishani za Vita vya Kwanza vya Dunia ndizo rahisi kutambua. Moja ni duara la fedha lenye kipenyo cha milimita 36: upande mmoja Mfalme George V, upande wa pili mpanda farasi aliye uchi, na miaka 1914 na 1918. Nyingine ni ya bronzi, ina umbo la Ushindi lenye mabawa na utepe wa rangi za upinde wa mvua. Lakini picha hizo zilitolewa kwa mamilioni. Kinachoitofautisha nishani moja na nyingine kimepigwa chapa kwenye ukingo: namba ya askari, cheo, kikosi, na jina jinsi karani alivyolisikia.

Hapo ndipo usafi unapoua. Herufi za ukingoni ni nyembamba, na fedha ni laini. Limau na majivu, sufi ya chuma, au dawa ya kung’arisha vitasa, vikitumiwa kila sikukuu kwa miaka mingi, humfuta mtu.

Za Vita vya Pili ni kitendawili kingine, kwa sababu Uingereza ilizitoa bila majina. Batalioni ya nne ilipigana Burma ndani ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ikateremka bonde la Kabaw kwenye mvua za 1944 hadi Kalewa. Nyota ya Burma inataja uwanja wa vita tu. Aliyeivaa hutambulika kwa kitabu chake cha jeshi, barua au picha iliyotunzwa pamoja nayo. Kwa hiyo sanduku la babu lisitenganishwe.

Na wapo waliojivika. Idi Amin alisimulia kwamba alipigana Burma, ilhali kumbukumbu za jeshi zinaonyesha aliandikishwa 1946, vita vikiwa vimekwisha. Akiwa rais alijitunuku msalaba uliobuniwa ufanane na ule wa Victoria. Ule halisi una jina la mwenyewe nyuma ya kipande kinachoshika utepe, na tarehe ya tendo la ushujaa nyuma ya msalaba.

Udongo mwekundu wa Kampala una tindikali, nao hula shaba. Nishani iliyotoka ardhini isikwanguliwe. Matope yalainishwe kwa maji yaliyochujwa, yaondolewe kwa brashi laini sana, kisha ikaushwe kabisa. Weusi juu ya fedha hauna madhara, uachwe. Unga wa kijani hafifu juu ya bronzi ni ugonjwa wenyewe: huendelea kula chuma penye unyevu, na hapo kazi ni ya mtaalamu. Utepe usifuliwe hata kidogo, rangi zitachuja na ushahidi utaondoka nazo.

Makumbusho ya Uganda yalianza 1908 katika ngome ya Lugard, Old Kampala, na tangu 1954 yako Kitante. Mwenye kuokota nishani apige kwanza picha ya ukingo, aandike mahali alipoiokota, kisha aipeleke huko ikiwa bado na udongo wake, kabla sonara hajaipima kwa bei ya fedha.