Wafanyakazi wa Bikes Not Bombs

Bikes Not Bombs ni shirika lisilo la faida la mjini Boston, Marekani, lililoanzishwa mwaka 1984 na Carl Kurz na Michael Replogle ili kupeleka baiskeli Nikaragua, nchi ambayo wakati huo serikali ya Marekani ilikuwa ikiwasaidia waasi wa Contra waliopigana na serikali yake. Kazi zake hutegemea mafundi wa kulipwa, wakufunzi, vijana wanagenzi na watu wa kujitolea, na kundi hili la mwisho, ingawa hutajwa kwa nadra, ndilo linalobeba mzigo mkubwa wa kuandaa shehena: hufungua pedeli na kugeuza usukani ulale sambamba na fremu, ili mamia ya baiskeli zilizotolewa sadaka zienee katika kontena moja la kwenda ng'ambo, ikiwemo Ghana.

Fundi wa dukani huhukumiwa zaidi kwa gurudumu. Rimu iliyopinda huzungushwa mbele ya kipimo, na palipoyumba hukazwa spoku za upande mmoja na kulegezwa za upande wa pili, robo mzunguko kwa kila mara, kwa kuwa kukaza kwa pupa huhamishia kasoro mahali pengine. Ufundi huo hufundishwa pia vijana, ambao hukarabati baiskeli kuukuu chini ya uangalizi na, wakihitimu, huichukua iwe mali yao. Mauzo ya baiskeli nyingine husaidia kugharimia mafunzo hayo.