Mashujaa Watatu wa Kagando

Msafiri atokaye Kasese kwenda Bwera hupita Kisinga, na karibu na hapo pana Kagando. Watu wengi huijua Kagando kwa hospitali yake. Walakini ardhi ile inahifadhi jambo la zamani zaidi, kwani ndipo walipozikwa Nyamutswa, Tibamwenda na Kapolya, watu watatu waliouawa kwa amri ya Serikali mwaka 1921. Wakonzo huwahesabu kuwa wazee wa mapigano yao ya kutaka haki.

Asili ya mapigano yale yafaa ielezwe, hasa kwa wale ambao baba zao walitoka nchi nyingine wakaja Kilembe migodi ya shaba ilipofunguliwa katika miaka ya 1950. Mwaka 1891 Kapteni Lugard alimrudisha Kasagama katika kiti cha ufalme wa Toro, na mwaka 1900 Waingereza wakaandikiana mkataba na mfalme huyo. Kwa mkataba ule Wakonzo, wa milimani na wa bondeni, waliwekwa chini ya machifu wa Toro pasipo wao wenyewe kuulizwa. Mwaka 1910 mataifa ya Ulaya yakapatana juu ya mipaka, na mpaka mmoja ukapita katika milima ya Rwenzori. Ndugu wa ukoo mmoja wakagawanyika, hawa wakawa raia wa Mwingereza, na wale wa Mbelgiji. Kodi ikatozwa, kazi za lazima zikaamrishwa, na lugha ya shule na baraza ikawa Kitoro.

Nyamutswa ndiye aliyesimama mbele. Tangu mwaka 1919 yeye na wafuasi wake walikataa kuwatii machifu wale, wakaifanya milima kuwa ngome yao. Mwaka 1921 walikamatwa, akauawa yeye pamoja na Tibamwenda na Kapolya, na miili yao ikafukiwa Kagando. Hawakujengewa kaburi la heshima, wala halikuwekwa jiwe la kuwataja. Kwa Serikali, jambo lile lilikuwa limekwisha.

Katika miaka hiyo hiyo Serikali ilikuwa na wafu wake wa kukumbukwa. Vita Kuu ya 1914 hadi 1918 ilikuwa imewachukua vijana wengi wa Uganda, wengine kwa bunduki katika jeshi la KAR, na wengine kwa mizigo vichwani. Wapagazi ndio waliokufa kwa wingi zaidi, na wengi wao hawakuuawa kwa risasi, bali kwa njaa, homa na kuhara. Mnamo mwaka 1927 na 1928 zikasimamishwa sanamu za askari, za shaba nyeusi, katika miji ya Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi. Maandishi yake yaliwekwa kwa Kiingereza, kwa Kiswahili na kwa herufi za Kiarabu, ili hata askari aliyesoma chuoni tu apate kuelewa. Maneno yaliyotungwa na Rudyard Kipling yanamwahidi mpiganaji kwamba, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake.

Lakini mtu akizizunguka sanamu hizo haoni jina hata moja la askari wala la mpagazi. Wapagazi wamebakiwa na mtaa wa Kariakoo, nalo ni jina la kikosi chao kwa Kiingereza lililogeuzwa na ndimi za wenyeji. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa taarifa ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, hawakukumbukwa kwa majina yao, au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wao walikuwa watu wa Afrika na wa Misri. Tume ikaomba radhi, baada ya miaka mia moja kupita.

Watu wa Rwenzori hawakuwa na shaba nyeusi wala mchongaji, lakini majina matatu hayakupotea. Wazee waliwasimulia watoto, na watoto wakayashika. Mwaka 1954 mwalimu Isaya Mukirania alianzisha chama cha kuchunguza maisha na historia ya Wakonzo, na habari za Nyamutswa na wenzake zikakusanywa kutoka vinywani mwa wale waliokuwa wakizijua. Mwaka 1962 wajumbe wa Wakonzo na Waamba walipotoka katika baraza la Toro, na harakati ya Rwenzururu ikaanza, wengi waliona kuwa wanaendeleza kazi iliyokatizwa mwaka 1921. Mapigano hayo hayakwisha hata tarehe 15 Agosti 1982, wapiganaji waliposhuka milimani kwa mapatano.

Hata hivyo kumbukumbu ya wafu ni amana, na amana huweza kutumiwa vibaya. Mwezi wa Novemba 2016 damu ilimwagika tena Kasese, na watu zaidi ya 100 wakafa, wakiwamo askari polisi, walinzi wa jumba la mfalme na raia. Wale nao wana mama zao na majina yao. Haifai kabila moja kuhesabu wafu wake na kuwasahau wa jirani, wala haifai kaburi la zamani liwe sababu ya kuchimba kaburi jipya.

Mwislamu akifa huoshwa, hukafiniwa, husaliwa, na jirani hujua kaburi lile ni la nani. Haki hiyo maelfu ya askari na wapagazi waliikosa. Basi aliye na habari za babu yake aliyekwenda vitani asasi na aziandike: jina lake, jina la baba yake, kijiji alichotoka, na mahali alipofia kama pajulikana. Wazee wanaojua wanapungua kila mwaka, na jina lisiloandikwa wala kusimuliwa huzikwa pamoja na mtu wa mwisho anayelijua.