Dawa ya Nywele na Ahadi za Wauzaji

Tangu mwanzo wa karne ya 20 hadi leo, kila dawa ya kunyosha nywele iliyoletwa sokoni imekuja na ahadi ile ile, ya kwamba haina aibu ya dawa iliyoitangulia. Na kila moja, watu walipokwisha kuizoea, imefichuka kuwa na aibu yake yenyewe, aghalabu kubwa kuliko ya kwanza. Tarehe ya jambo hili imepita zaidi Marekani, walakini vichwa vya wanawake wa Dar es Salaam, Mombasa na Lubumbashi vimo ndani yake, maana makopo ya huko hayakukawia kuvuka bahari.

Kabla ya dawa kulikuwa na moto. Mfaransa Marcel Grateau aliwashangaza wanawake wa Paris mwaka 1872 kwa koleo la moto lililotia nywele mawimbi, na chanuo la chuma lililopashwa jikoni likaja kuenea pote. Wengi humnasibishia chanuo hilo Madam C. J. Walker, binti wa wazazi waliokuwa watumwa, aliyezaliwa Louisiana mwaka 1867 na kufariki mwaka 1919 akiwa tajiri wa kutajika. Lakini hakulibuni yeye, na mwenyewe alichukia kuitwa mnyoshaji wa nywele, kwa kuwa alichojisifia ni mafuta ya kutibu ngozi ya kichwa na kuotesha nywele. Moto, hata hivyo, ulikuwa na staha yake: jasho la alasiri au manyunyu ya vuli yalitosha kuzirudisha nywele katika asili, na aliyejuta alijuta mpaka siku ya kuosha tu.

Dawa ya kudumu ilitokea mahali pasipotazamiwa, katika karakana ya cherehani. Garrett Morgan, mzaliwa wa Kentucky wa mwaka 1877, alikuwa fundi cherehani mjini Cleveland, na husimuliwa kuwa mnamo mwaka 1909, alipokuwa akitafuta maji ya kuizuia sindano yenye joto isiunguze kitambaa cha sufu, alipangusa mikono kwa kipande chenye manyoya, na baadaye akaona manyoya yake yamenyoka. Akayajaribu maji hayo kwa mbwa wa jirani, kisha juu ya kichwa chake mwenyewe, na mwaka 1913 akafungua kampuni ya kuyauza. Mbwa yule, nadhani, ndiye wa kwanza wa jinsi yake kuingia katika tarehe ya urembo, na hiari yake hakuulizwa.

Waliokosa fedha za kununua walijipikia. Katika miaka ya 1940 vijana wa Boston na Harlem walichanganya kostiki, ile ile waitumiayo wapishi wa sabuni ya nazi, pamoja na mayai na viazi, wakajipaka mafuta ya mgando masikioni na shingoni, wakavumilia moto wa kichwa hadi machozi yakawatoka. Malcolm X, aliyenyoshwa hivyo ujanani na kuja kuihesabu siku ile kuwa siku ya kujidhili, aliueleza upishi huo kwa ukamilifu katika kitabu cha maisha yake kilichotolewa mwaka 1965.

Kostiki hufanyaje kazi? Unywele umejengwa kwa protini iitwayo keratini, ambayo nyuzi zake zimefungamana kwa viungo vya salfa. Kostiki huvikata viungo hivyo, na mahali pake hujengeka vingine visivyofunguka tena. Ndiyo sababu unywele ulionyoshwa haurudi kamwe, ilhali ule mpya uotao, kadiri ya sentimita moja na robo kwa mwezi, hutoka na asili yake, na mwenye nywele akalazimika kumrudia msusi kila baada ya wiki 6 hadi 8 kuweka retachi. Na kwa kuwa kostiki haibagui baina ya unywele na ngozi, msusi hodari hulinda kwa mafuta paji la uso, masikio na kisogo, hugawa kichwa mafungu manne, hutazama saa, kisha huosha kwa shampuu ambayo aghalabu povu lake huwa la waridi maadamu dawa ingalipo, hata likawa jeupe. Asiyeungoja weupe huo humpeleka mteja wake nyumbani na dawa ingali kazini, na vidonda vya kesho yake vyatoka hapo.

Mwaka 1954 George E. Johnson, Mmarekani mweusi, alianzisha mjini Chicago kampuni iliyokuja kutawala soko la dawa hizi. Mwaka 1975 serikali ya Marekani ikaishurutisha kampuni hiyo kuwaonya wanunuzi juu ya kostiki iliyomo koponi, lakini kampuni kubwa ya wazungu, Revlon, ambayo dawa yake ilikuwa ya aina hiyo hiyo, haikupewa sharti kama hilo mpaka karibu miaka miwili baadaye. Na katika kitambo hicho mnunuzi alidhani kopo lisilo onyo halina hatari. Kwangu mimi hizi ni dhuluma mbili kwa mpigo mmoja. Kisha zikaja dawa zisizo na kostiki, ambazo huchanganywa papo hapo kwa chokaa na kimiminika cha guanidini: ngozi huungua kidogo zaidi, lakini chokaa hubaki katika nywele, zikakauka na kufifia.

Kwetu Tanzania, zamani, ugomvi wa urembo ulikuwa wa siasa. Operesheni Vijana ya Umoja wa Vijana wa TANU, iliyoanza Januari 1969, ilipiga marufuku sketi fupi, mawigi na mafuta ya kujichubua. Haikufua dafu: miaka ya 1980 ikaleta dawa ya nywele iitwayo kalikiti, na saluni zikajaa.

Ahadi ya karibuni ilitoka Brazili, ya dawa iitwayo keratini, inyoshayo bila kuunguza. Mwaka 2010, baada ya wasusi wa Portland kulalamika kuwashwa macho na kukosa pumzi, wakaguzi wa jimbo la Oregon waliipima dawa moja iliyoandikwa kuwa haina formaldehaidi, wakaikuta ina zaidi ya asilimia 8. Hiyo ndiyo formalini ihifadhiayo maiti, na wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walikwisha kuihukumu kuwa yaleta saratani tangu mwaka 2004.

Oktoba 2022 ukatangazwa uchunguzi wa wanawake 33,497 wa Marekani, waliofuatiliwa karibu miaka 11. Kwa wasiotumia dawa za kunyosha, makadirio ya kupata saratani ya mji wa mimba kabla ya kutimia miaka 70 yalikuwa asilimia 1.64, kwa waliozitumia zaidi ya mara nne katika mwaka uliotangulia uchunguzi, asilimia 4.05. Uchunguzi huo haukuthibitisha kwamba dawa ndiyo sababu, wala haukutaja kopo gani. Mwaka 2023 serikali ya Marekani ilikusudia kuiharimisha formaldehaidi katika dawa hizi, kisha ikaahirisha, ikaahirisha tena.

Basi wewe uendaye saluni, omba kopo ulisome kabla halijafunguliwa, usijikune kichwa siku ya dawa, usimtie mtoto, na ukisikia macho yakuwasha kwa harufu wakati pasi inapopita juu ya nywele, inuka utoke, hata kama umekwisha kulipa.