Trela Ilifunguliwa Mara Moja, Begi Yangu Mara Tatu

Wasee, hebu niwape hesabu ndogo. Trela ya kulala, yenye friji, mtungi wa gesi, makabati kumi na mawili na hema la kukunjua juu. Begi moja ya mgongoni, yangu mimi. Tulitoka Rangwe asubuhi, tukavuka mpaka mchana. Kwa safari hiyo trela ilifunguliwa mara moja. Begi yangu ilifunguliwa mara tatu.

Hiyo hesabu ndiyo imenifanya nisome historia kuliko nilivyowahi kusoma nikiwa chuo. Na chuo, mnajua, niliacha mwaka wa pili.

Story ni hivi. Wazee wawili kutoka Afrika Kusini, mtu na mkewe, walimu waliostaafu, walikuwa wameendesha Land Cruiser kutoka kwao mpaka huku wakivuta hiyo trela. Walikuja kupumzika karibu na ziwa, upande wa Homa Bay. Mimi nikaenda kuwapiga video, si unajua kitu kama hiyo huku kwetu inavuta watoto wa kijiji kizima. Tukaelewana. Wakaniuliza kama naweza kuwasindikiza hadi Mwanza, niwasaidie na Kiswahili, na nirekodi safari. Pasipoti ninayo, kazi sina. Tukatoka.

Kizuizi cha kwanza, sitasema kilikuwa wapi. Miiba ya chuma barabarani, karao wawili kivulini. Mmoja akainama dirishani kwa mzee, akatabasamu, "Karibu Kenya, mzee." Halafu akaniona nyuma. Tabasamu ikaisha.

"Wewe kijana, shuka. Kitambulisho."

Nikashuka. Begi ikamwagwa yote kwenye murram: lenzi, chaja, boksa, kila kitu. "Hawa unawapeleka wapi?" Aliuliza kana kwamba nimewateka. Mama akatoka nje akasema, kwa upole, kwamba trela ni yao na kama kuna upekuzi waanze nayo. Afande akacheka, akamwambia asijali. Kizuizi cha pili, hivyo hivyo.

Tuliporudi kwa gari hakuna aliyeongea kwa muda mrefu. Tulipita Awendo ndipo mzee akasema kitu ambacho sijakisahau. Kwao, wakati wa ubaguzi, watu weusi walilazimishwa kutembea na kitabu cha pasi kila mahali. Sheria hizo zilifutwa 1986. Yeye alikuwa mtu mzima tayari, na hakuna siku hata moja aliulizwa kitabu. Akasema, "Leo nimekaa kwenye kiti kile kile."

Sasa, kabla mniambie ati hiyo ni shida ya Afrika Kusini, tuongee ya kwetu.

Sisi tulikuwa na kipande. Sheria yenyewe ilipitishwa na serikali ya kikoloni 1915, ikaanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, kati ya 1919 na 1920. Kila mwanaume Mwafrika mtu mzima alitakiwa kubeba karatasi yenye jina lake, alama za vidole, mwajiri wake na mshahara wake. Karatasi iliwekwa kwenye kijisanduku cha chuma na kuvaliwa shingoni. Ukikutwa bila, ni kosa. Ukitoroka kazi, kipande kinakusaliti. Mzungu hakuvaa. Mhindi hakuvaa.

Na watu wa huku hawakunyamaza. Desemba 1921 kulikuwa na mkutano mkubwa kule Lundha, Gem, ulioanzisha vuguvugu watu waliloliita Piny Owacho, yaani nchi imesema. Kipande kilikuwa kati ya malalamiko yao, pamoja na kodi na kazi ya kulazimishwa. Miezi michache baadaye Nairobi, Machi 1922, watu waliuawa kwa risasi wakidai Harry Thuku aachiliwe, na yeye pia alikuwa anapinga kipande. Mfumo huo uliendelea hadi 1947. Hiyo ni zaidi ya miaka 25 ya kijana Mwafrika kusimamishwa njiani na kuulizwa: wewe ni wa nani, unaenda wapi?

Rudia swali la afande. "Hawa unawapeleka wapi?" Mnaona venye swali linaweza kuishi kuliko sheria iliyolizaa?

Haya, twende mpakani.

Mpaka wenyewe ulichorwa kwa rula. 1886 Uingereza na Ujerumani walikubaliana mstari unaoanzia pwani, mdomo wa mto Umba, unakwenda hadi Ziwa Jipe, unazunguka Kilimanjaro kwa upande wa kaskazini, halafu unanyooka moja kwa moja hadi Ziwa Victoria, pale latitudo ya digrii 1 kusini inapokutana na ufuo wa mashariki. 1890 wakauendeleza ndani ya ziwa. (Ile hadithi ya Malkia Victoria kumpa mjukuu wake Kilimanjaro kama zawadi ya birthday ni uongo, acheni kuiforwadi.) Mstari huo ukawagawa Wamaasai, Wakuria na sisi Wajaluo bila kuuliza mtu. Ndiyo maana leo ukienda Rorya na Shirati upande wa Tanzania unasalimiwa kwa Dholuo.

Septemba 1914 mstari huo ukawa wa vita. Wajerumani walivuka wakaingia Kisii, Waingereza wakapigana nao hapo. Lakini baada ya vita Tanganyika ikaenda chini ya Waingereza, na ghafla pande zote mbili zikawa na bosi mmoja. Kenya na Uganda zilikuwa na umoja wa forodha tangu 1917, Tanganyika ikaingia kikamilifu 1927. Kwa miaka kama hamsini, mtu wa huku alipeleka mzigo wake upande wa pili bila kuona mpaka kama ukuta. 1967 nchi tatu zilipojitawala zikaunda Jumuiya ya Afrika Mashariki, makao makuu Arusha. Reli moja, posta moja, shirika moja la ndege.

Kisha ikavunjika. Sababu ziko nyingi. Idi Amin alipindua serikali Uganda 1971 na Nyerere akakataa kukaa naye meza moja. Tanzania ilishika ujamaa, Kenya ikashika soko. Kenya ikaitwa nchi ya mtu kula mtu, Tanzania nayo ikajibiwa kwamba yao ni ya mtu kula hakuna. Wakagombania pesa za shirika la ndege. Mapema 1977 Kenya ikaanzisha Kenya Airways, na Februari hiyo hiyo Tanzania ikafunga mpaka.

Na sikilizeni hii, kwa sababu hapa ndipo trela inaingia. Mpaka ulipofungwa, magari ya watalii ya Kenya yaliyokuwa upande wa Tanzania yalizuiliwa huko huko. Wageni waliokuwa wanatoka Mara kwenda Serengeti kwa gari wakakwama. Njia ile ya Sand River, inayotoka Maasai Mara ikaingia Serengeti upande wa Bologonja, ikafungwa kwa wasafiri. Mpaka leo haijafunguliwa. Nyumbu wanavuka kila mwaka bila stempu. Wazee wangu walikuwa wamesimama Mara, wakaiona Tanzania kwa macho, lakini ikabidi warudi nyuma wazunguke hadi Isebania. Ile trela ilipita Rangwe kwa sababu ya ugomvi wa 1977.

Niliporudi nyumbani nikamsimulia dana. Nilidhani atanipa pole. Akacheka, halafu akanyamaza, halafu akaanza.

Dada yake mkubwa aliolewa Shirati. Kabla ya 1977, anasema, kwenda huko ilikuwa kama kwenda sokoni. Unabeba nguo, unarudi na samaki. Mpaka ulipofungwa alifikiri ni jambo la wiki mbili. Mwaka wa pili wa kufungwa, dada akafa. Habari ilifika kupitia wavuvi. Dana akatoka Rangwe hadi Muhuru, akakaa ufukweni siku nyingi akitafuta mtu wa kumvusha usiku. Wenye mitumbwi waliogopa doria. Alipofika Shirati, kaburi lilikuwa limeshaanza kuota nyasi.

Kama wewe ni Mjaluo hauhitaji nikuelezee maana ya kukosa kumzika dada yako. Kama si Mjaluo, jua tu kwamba huyu mama ana zaidi ya miaka sabini na bado anakumbuka rangi ya leso aliyotaka kumfunika nayo.

"Wewe walikumwagia nguo chini," akaniambia. "Mimi walinichukulia matanga."

Mpaka ulifunguliwa tena Novemba 1983, na mwaka uliofuata nchi tatu zikagawana mali ya Jumuiya iliyokufa. 1985 Kenya na Tanzania zikawekeana mkataba wa utalii unaosema magari ya watalii yapite wapi na yaishie wapi. Mkataba huo bado unauma: Desemba 2014 Kenya ilizuia magari ya utalii ya Tanzania kuingia uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, ikaja kulegeza Machi 2015. Oktoba 2017 Tanzania ikapiga mnada ng'ombe zaidi ya 1,300 wa wafugaji wa Kenya, ikateketeza vifaranga 6,400 kutoka Kenya. Mei 2020, wakati wa korona, Kenya ikafunga mpaka na Tanzania isipokuwa kwa mizigo, na madereva wa malori wakalazimika kupimwa. Yaani hata baada ya Jumuiya mpya kuanza 2000, bado tunajua kukaziana.

Lakini nisiwe muongo. Upekuzi wa tatu, ule wa mpakani, haukuniuma hata kidogo.

Isebania na Sirari siku hizi ni kituo cha pamoja. Ukienda Tanzania unamaliza mambo yote Sirari, maafisa wa nchi zote mbili wakiwa sehemu moja. Ukirudi, unamalizia Isebania. Hapo ndipo nilijifunza kwamba trela huhesabiwa kama chombo kivyake. Ina namba yake ya usajili, namba yake ya chesisi, na stakabadhi zake za kuingia na kutoka. Afisa alipiga magoti akasoma namba ya chesisi ya gari, kisha ya trela, akalinganisha na karatasi. Akaomba makabati yafunguliwe moja baada ya jingine. Akauliza nyama, mimea, mbegu. Akaangalia mifuko ya plastiki, maana Kenya iliipiga marufuku Agosti 2017 na Tanzania Juni 2019. Akauliza kama tuna droni na kibali chake. Kadi ya homa ya manjano, bima, pasipoti.

Kisha begi yangu. Kisha begi ya mama. Kisha ya mzee. Kwa mpangilio huo huo, kwa maswali hayo hayo, na alieleza anatafuta nini. Ilichukua muda, jua lilikuwa kali, na mimi nilikuwa natabasamu kama mjinga. Mzee akaniuliza mbona nafurahi. Nikamwambia ni mara ya kwanza leo sote watatu tumekuwa abiria.

Hapo ndipo msimamo wangu uko. Sipingi upekuzi. Gari linaweza kubeba bunduki, bangi, pembe za ndovu, hata watoto walioibwa, na mtu akague. Forodha ina sheria yake, ya Jumuiya nzima, ya 2004, inayompa afisa nguvu ya kufungua mzigo. Shida ni upekuzi ambao sababu yake ni sura. Upekuzi wa forodha unauliza: kuna nini ndani? Upekuzi wa kipande unauliza: wewe ni wa nani? Mkoloni aliondoka, lile swali la pili likabaki kwenye miiba ya chuma likingoja kijana mwenye begi.

Katiba ya 2010, kifungu cha 31, inalinda faragha yako, ikiwemo kutopekuliwa ovyo mwili, nyumba au mali yako. Kuna wakati sheria inaruhusu polisi kukagua gari bila hati ya mahakama, kwa hivyo usiende kupigana na mtu kwa sababu ulisoma post yangu. Lakini unaweza kuuliza kwa heshima, "Afande, unatafuta nini?" Na sheria ya polisi ya 2011 inamtaka afisa mwenye sare awe na jina au namba inayoonekana. Isome. Ikumbuke. Andika ukifika nyumbani.

Tulifika Mwanza salama. Wakati wa kurudi niliwaomba wazee tupitie Shirati. Dana alikuwa amenipa leso, mpya, ndani ya begi ile ile. Mpakani walipoifungua wakaiona, afisa akauliza ni ya nini. Nikamwambia ni ya kaburi. Akaikunja vizuri, akairudisha mahali pake.

Sasa nyinyi: waulizeni wakubwa wenu nyumbani, 1977 hadi 1983 ilikuwachukulia nani? Niandikieni hapo chini. Nataka kuwasikia kabla hawajatutoka.